Hesabu za Gemu za Dereva wa Kreni

Kwenye duka la miwani walishazoea kwamba Ijumaa jioni fundi wao hakai. Siku nyingine angeweza kubaki akifuta mashine ya kusagia vioo, akipanga visukurubu vya fremu kwenye vikopo vyake, akipiga soga na msichana wa mapokezi huku nje kunaanza kuingia giza. Ijumaa, hapana. Mlango ukifungwa tu, koti jeupe limeshatundikwa na kipochi kiko begani. Walimtania kwamba anawahi mkesha wa maombi. Yeye alicheka na kuwaacha waamini hivyo, kwa sababu ukweli ungewachekesha zaidi: mwanamke mzima, mke wa mtu, alikuwa anakimbilia nyumbani kucheza gemu na mumewe.

Mume huyo alikuwa dereva wa kreni. Wenzake wa kazini walimbatiza jina la Winchi, likamganda hadi mkewe naye akaacha kumwita kwa jina la cheti. Alikuwa mrefu, mikono mirefu, mpole wa maneno, ila akishika jambo la pesa huwezi kumtoa hapo. Mashine yao ya gemu waliinunua mwaka wa kwanza wa ndoa kwa jirani aliyekuwa anahama, wakaichomeka kwenye runinga iliyotoka kwa upande wa bibi harusi, na tangu hapo Ijumaa ikawa na utaratibu wake. Walikuwa na gemu moja tu walilolipenda, la mbio za magari kwenye barabara za milimani. Skrini inagawanyika katikati, yeye juu, mumewe chini, na pedi mbili ambazo moja kitufe chake kilikuwa kimelegea na ilikuwa lazima wagombanie ile nzima.

Winchi hakujua kucheza ametulia. Gari likikata kona kulia, naye analala kulia na mwili wake wote, kiwiko kinamchoma mkewe mbavuni. Likipanda mlima, ananyanyuka kitini. Mkewe alikuwa kinyume chake. Kazi ya vioo ilikuwa imemfundisha mkono mwepesi, maana ukikandamiza kidogo tu kioo kinapasuka, na kwenye barabara ya mvua mkono huo ulikuwa unamshinda kila mtu. Anayeshindwa anaosha vyombo. Winchi aliosha vyombo vingi sana katika ndoa ile.

Walikuwa na mambo yao, kama watu wote. Mtoto hakuwa amekuja, na ndugu walikuwa wameanza kuuliza kwa kuzungukazunguka. Kodi ya nyumba ilipanda. Lakini Ijumaa, wamekaa magoti yamegusana, hakuna aliyekumbuka swali la ndugu yeyote.

Kisha jengo ambalo Winchi alikuwa akifanyia kazi likakamilika. Kreni ikashushwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye malori, na yeye akabaki mtu wa kuamka asubuhi bila pa kwenda. Alihangaika na vibarua kwa muda mrefu. Ilipokuja simu ya kazi ya bwawa la umeme, mbali, safari ya siku mbili kwa basi, mkataba wa miaka miwili, hawakuwa na la kujadili. Alikubali jioni ileile, na mkewe alimwambia amefanya vizuri.

Wiki iliyofuata walizungumzia kila kitu isipokuwa kuagana kwenyewe. Walizungumzia buti, chandarua, dawa ya kuharisha, nani atamlipa mwenye nyumba. Halafu wakafika kwenye gemu, na hapo ndipo wakabishana kweli, ubishi ambao mwanamke yule baadaye aliuona kama ndio ulikuwa mazungumzo yao ya kuagana.

Yeye alitaka mashine yao ibaki nyumbani, na Winchi anunuliwe ya kwake kama hiyo aende nayo. Wangecheza kwa mtandao, kila mtu na yake. Jambo rahisi. Winchi akatikisa kichwa, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mashine ya pili itataka runinga ya pili, kidole cha kwanza. Kucheza kwa mtandao kwenye mashine zile kunalipiwa kila mwaka, nao ni wawili, kwa hiyo wanalipa mara mbili, kidole cha pili na cha tatu. Gemu zake ni ghali na hazishuki bei upesi. Kumbe wakiuza hii na kununua kompyuta mbili zilizotumika, mwanzo wataumia, ndiyo, lakini baada ya hapo mtandao ni bure, ukiondoa bando, gemu wakisubiri wakati wa punguzo wanazipata kwa bei ya soda, na mkewe anaweza hata kufanyia kazi za duka akiwa nyumbani.

"Sikiliza, mke wangu," alisema akiwa ameishiwa vidole vya mkono mmoja. "Kompyuta ni akiba. Miaka miwili ikiisha utaniambia."

Mkewe hakutaka kumkubalia hivihivi. Jirani na duka lao kulikuwa na fundi kompyuta, mtu ambaye miwani yake ilivunjika mara kwa mara na alikuwa mteja wa kudumu. Akaenda kumuuliza, akitumaini kupata silaha. Fundi akamwambia inategemea. Ukienda kununua kompyuta mpya ya kisasa yenye kadi ya picha ya juu, utalia, mashine ya gemu itakuwa nafuu mara nyingi. Ila ukipata iliyotumika ambayo bado ina nguvu, na gemu lenyewe si la jana wala juzi, na mnacheza wawili kwa mtandao, basi ndani ya mwaka mmoja na ushee utakuwa umeanza kuokoa. Mumeo yuko sahihi, alimalizia, na akaomba amkazie sukurubu ya miwani.

Alirudi nyumbani amenuna. Mumewe alikuwa sahihi, na si hicho alichokuwa anataka kusikia kutoka kwake. Alitaka Winchi aseme kwamba ile mashine haiuzwi kwa sababu ni yao. Hakusema. Wakaiuza kwa kinyozi wa mtaa wa pili, aliyeiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri zamu, na kwa pesa ile na nyongeza yake Winchi akapata laptopu nene, nzito kama jiwe la kusagia, na mkewe akapata kompyuta ya mezani. Waliiweka dirishani, kwenye meza iliyotosha kiti kimoja.

Ijumaa ya kwanza baada ya Winchi kuondoka, fundi miwani alivaa hedifoni na kusubiri. Sauti ya mumewe ilipoingia masikioni, karibu hivyo, karibu kuliko alivyowahi kuongea hata kitandani, alijikuta ameshika meza. Walicheza mizunguko mitano. Picha ilikuwa safi kuliko zamani, lazima aseme kweli. Kila mtu sasa alikuwa na skrini yake nzima, na milima aliyokuwa akiiona kwa nusu miaka yote ile ilifunguka mbele yake hadi vilele, na mawingu, na mabonde yenye ukungu. Ila gari la mumewe hakuliona mara nyingi. Alikuwa kidoti chekundu kwenye ramani ndogo pembeni, kinakuja, kinaachwa, kinapotelea nyuma ya mlima.

Alishinda. Akaenda kuosha vyombo, sahani moja na kikombe.

Hivyo ndivyo miezi ilivyokwenda. Mtandao wa kule ulikuwa wa kusuasua, na mara nyingine gari la Winchi liliganda katikati ya kona kama limepigwa picha, halafu likaibuka mbele kabisa bila maelezo. Aliuliza chumba kikoje, akaambiwa ni kidogo lakini hakina shida, kina dirisha linalotazama mtoni. Aliomba afungue kamera amwone, akaambiwa kamera ya laptopu imeharibika. Mara nyingine alisikia vicheko vya wanaume kwa nyuma, Winchi akasema ni wenzake wamepita. Mara nyingine mume wake alikuwa ananong'ona, na alipomuuliza kulikoni, akajibu koo linamuuma. Koo lile liliuma mwaka mzima.

Na akiba ilikuwepo. Hili Winchi hakuacha kumkumbusha. Kila gemu lilipopunguzwa bei alimtumia ujumbe wenye furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani, na wakawa na gemu saba, nane, ambazo wakiwa na ile mashine ya zamani wasingezinunua hata nusu. Walizijaribu, wakaziacha, wakarudi kwenye lile la milima. Kuna kona moja, ya daraja la mawe, ambayo zamani kiwiko kilikuwa kinampata kila mara. Alipoifikia, mbavu zake zilijikaza zenyewe. Alijaribu kujizuia ikashindikana. Mwisho akaizoea hali hiyo, akawa hata anaisubiri, kwa sababu kwa kitambo kile kidogo kabisa mwili wake uliamini kwamba kuna mtu pembeni.

Likizo ya Winchi ilipangwa mwishoni mwa mwaka. Fundi miwani alikuwa amekwisha nunua mapazia mapya. Wako katikati ya mbio Winchi akamwambia, kwa ile sauti yake ya kunong'ona, kwamba likizo zimefutwa, kazi imechelewa na mvua zinakaribia, madereva wote wa kreni wanabaki.

Mkewe akasimamisha gari kando ya genge la mlima. Magari mengine yakampita.

"Nimechoka kusikia sauti tu," alisema.

Winchi akaanza kumweleza kuhusu malipo ya saa za ziada. Alimweleza vizuri, kwa mpangilio, ni kiasi gani kwa wiki na itakuwa imefika wapi mkataba ukiisha. Mkewe akavua hedifoni, akaiweka mezani, akaiangalia. Sauti ya mumewe iliendelea kutoka mle ndani, ndogo, kama mdudu aliyefungiwa kopo. Akaenda kukaa jikoni mpaka ikanyamaza.

Hayo alimweleza wifi yake, dada wa Winchi, msusi, aliyekuwa akimsuka siku ya pili yake. Wifi alimsikiliza huku akimvuta nywele, akaunga na yake kuhusu wanaume wa ukoo wao, kwamba baba yao naye alikuwa hivihivi, ukimwambia unaumwa anakutajia bei ya dawa. Kisha akauliza, kama jambo la kawaida tu, kuna sheria gani inayomkataza yeye mwenyewe kupanda basi akaenda. Fundi miwani akageuza kichwa, nywele zikiwa bado mkononi mwa wifi. Katika mwaka mzima ule wa kusubiri kurudiwa, wazo hilo halikuwa limempitia.

Aliomba ruhusa kazini, akachota kwenye akiba nauli ya kwenda na kurudi, na hakumpigia mumewe mpaka basi lilipokuwa limeshatoka nje ya mji na hakuna wa kumshusha. Winchi akasema itabidi akaombe nafasi ya wageni ofisini, na akamuuliza kama amebeba koti, kuna baridi asubuhi.

Alimkuta getini. Alikuwa amekonda, na upande mmoja wa uso ulikuwa mweusi kuliko mwingine, upande unaokaa dirishani akiwa juu kwenye kreni. Walishikana mikono kwanza, kama watu waliotambulishwa, kwa sababu mlinzi alikuwa anatazama. Funguo za nyumba ya wageni zilikuwa kwa karani ambaye hajarudi kutoka chakula, kwa hiyo mke akasema basi wakakae chumbani kwake. Winchi akasema kuna kivuli kizuri pale karibu na karakana. Mke akasema anataka kuona dirisha la mtoni. Winchi akabeba begi lake, akatangulia.

Kilikuwa chumba cha mabati katika mstari wa vyumba vya mabati. Ndani mlikuwa na vitanda vya ghorofa vitatu, watu sita. Wawili walikuwa wamelala wakiwa wamefunika uso na taulo, wametoka zamu. Dirisha lilikuwepo, lilitazama pipa la maji. Kitanda cha Winchi kilikuwa cha juu, pembeni, na dari lilikuwa karibu mno hata mtu mrefu kama yeye hangeweza kukaa ameinua kichwa. Laptopu ilikuwa chini ya mto. Pedi ilining'inia msumarini kwa waya wake. Hapakuwa na meza, wala kiti, wala nafasi ya kuweka runinga hata ya kiganja.

Mkewe alisimama katikati ya chumba akiangalia pale juu. Aliona jinsi anavyokaa: magoti yamekunjwa, shingo imepinda, laptopu juu ya mapaja, akinong'ona ili wasiamke wenzake. Mwaka mzima, kila Ijumaa.

Walitoka nje kwanza ndipo akaongea.

"Kwa hiyo ndiyo maana ulitaka kompyuta."

"Hesabu zilikuwa za kweli," Winchi alisema. "Kila nilichokwambia ni kweli, kamuulize mtu yeyote. Ila nilikuwa nimeshaambiwa makazi yakoje."

"Sijasema ulinidanganya kwenye hesabu. Nauliza mbona hili hukuniambia."

Winchi alikuwa anatazama buti zake. "Ungeniambia nirudi," alisema. "Na mimi ningerudi."

Walipewa nyumba ya wageni siku tatu. Hawakucheza chochote, laptopu ilibaki chini ya mto wake. Winchi alilala kama mtu aliyezimwa, amejinyoosha hadi miguu ikatoka nje ya kitanda, na mkewe alikaa akimtazama akilala, akiwa hana haraka. Asubuhi alimsindikiza hadi kwenye utepe wa mwisho ambao wageni hawavuki, akamwona akipanda ngazi ya kreni. Alipanda bila kupumzika, akawa mdogo, akawa mdogo zaidi, mpaka fundi wa macho ya watu akalazimika kukunja yake. Juu kule, kabla ya kuingia kibandani, alisimama akapunga mkono mara moja. Kisha mkono mrefu wa chuma ukaanza kuzunguka polepole juu ya bonde, na hapo akaelewa kwamba amekuwa akimwona kila siku mahali pasipo pake. Akilini alimweka kwenye chumba chenye dirisha. Yeye alikuwa huku.

Mpishi wa kambi, mama mchangamfu aliyempa chai, ndiye aliyemwambia kwamba kuna vyumba vichache vya wenye ndoa upande wa pili wa kilima. Vinakatwa kwenye mshahara, na vina foleni. Jioni alimuuliza mumewe. Kumbe alikuwa anajua.

"Omba," alimwambia.

"Watakata sana. Tutakuwa tumefanya kazi bure."

"Wakate."

Winchi alifungua mkono, vidole vikakaa tayari kuhesabu. Akavitazama, akavikunja tena. Akaenda ofisini asubuhi yake na kuandikisha jina, la mwisho kwenye orodha.

Safari ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko ya kwenda. Alikuwa amedhani kumwona kutampunguzia, ikawa kinyume. Zamani alimkosa mtu aliyekuwa pembeni yake. Sasa alimkosa huyo, na alimkosa pia yule wa kitanda cha juu mwenye shingo iliyopinda, na kila alipojinyoosha kitandani kwao aliona aibu kwa nafasi iliyobaki.

Ijumaa zilirudi. Ila Winchi hakusema tena koo linauma. Alinong'ona na kusema kwa nini ananong'ona: huyu ametoka zamu, yule ana homa, wa chini yake anakoroma kama jenereta, msikilize. Akasogeza kipaza sauti amsikilize kweli, na wote wawili wakaziba midomo wakicheka, kila mmoja kwake. Kamera ilipona ghafla. Wiki nyingine hawakushindana kabisa. Waliegesha magari yao mawili mahali pazuri juu ya milima, yakiwa yameelekea bondeni, wakaongea hadi bando likaisha. Kinyozi wa mtaa wa pili alimwambia siku moja kwamba ile mashine bado nzima, akitaka kuirudisha wataelewana bei. Alifikiri njia nzima hadi nyumbani. Hakuirudia.

Foleni ya vyumba haikusogea wakati wa mvua, wala baada ya mvua. Mtu mmoja mbele yao alijitoa, mwingine akapewa bila foleni, jambo lililowaudhi wiki mbili. Fundi miwani akajifunza kutouliza kila mara. Akiulizwa na wifi, alisema bado. Akiulizwa na ndugu lile swali lao jingine, alisema kwanza mume wangu yuko bwawani, mnataka nifanyeje, na kwa mara ya kwanza wao ndio waliotazama pembeni.

Jina lao lilifikiwa msimu wa baridi, mkataba ukiwa umebakiza miezi michache. Chumba kimoja, jiko la pamoja, mshahara unakatwa karibu robo. Alikwenda kwa mwenye duka kuomba likizo isiyo na malipo. Mwenye duka alilalamika nani atamsagia vioo, akazunguka kaunta mara mbili, mwishowe akampa mwezi mmoja, na akasema wa pili wataongea kwa simu. Mwezi mmoja, na labda. Aliuchukua.

Winchi alipiga simu siku ya kufunga mizigo, akiwa anazunguka ndani ya chumba kipya kitupu, sauti yake ikirudi kwenye kuta. Hakunong'ona. Alimwelezea: mlango unafunguka upande huu, pana rafu, soketi iko hapa, na dirishani, haki ya Mungu, safari hii mto unaonekana. Alikuwa ameazima godoro. Kisha akauliza kama atakuja na kompyuta yake, maana kama atakuja nayo itabidi atafute meza mapema, na basi wanatoza mzigo.

"Nitaiacha," mkewe alisema. "Tafuta kiti."

Alimpa wifi ufunguo na kumwonyesha namna ya kufunika ile kompyuta vumbi lisiingie. Wifi akauliza, akiwa ameshika kitambaa, kama baada ya yote hayo kweli iliwaokolea pesa. Fundi miwani akasema ndiyo, sana, wasingepata nauli bila hiyo. Akafunga zipu ya begi, akakaa juu yake ili ifike mwisho, akatazama saa. Basi lilikuwa la alfajiri na ilikuwa bado mchana.